Azalea Iliyojua Mpaka

Jumamosi asubuhi shemeji wa mjane alikuwa amechuchumaa kwenye uzio, akimwaga majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa kwenye shina la azalea. Mmea ule hupenda udongo wenye uchachu, naye alikuwa hakimu mstaafu, mtu wa kufuata maelekezo. Uzio aliusogeza mwenyewe, kaburi la kaka yake hata halijakauka, ukameza kipande cha kiwanja cha mjane pamoja na bomba lake la maji. Azalea aliipanda ili uzio usionekane mpya. Ujanja wa paka kufukia mavi.

Mjane alimtazama kutoka dirishani, akifuta sufuria iliyokwisha kukauka.

Mvua zilipokatika azalea ilichanua, kila ua nusu jeupe, nusu jekundu, rangi zikikutana kwa mstari ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kesho yake ikatembea. Ilikwenda hadi pale uzio ulipokuwa zamani, ikajichimbia, ikatulia, wekundu ukielekea kwa mjane. Shemeji akaing'oa, akairudisha. Kulipokucha ilikuwa palepale, imeburuza mizizi juu ya nyasi zake alizozifyeka kwa maringo.

Mjane akaita kikao cha ukoo. Wazee walikuja, wakakalia viti vya hakimu, wakanywa chai ya hakimu, wakaitazama azalea, iliyokuwa imerudishwa tena uzioni, ikivuka nyasi kwa mwendo wa mtu anayewahi zamu.

"Inaujua mpaka," mjane alisema.

"Azalea haipatani na chokaa, shemeji," hakimu alijibu. "Nguzo nilizipaka chokaa, ndiyo maana inahama. Mambo ya udongo tu hayo."

"Ya udongo kabisa," wazee waliitikia, makombo midomoni.

Mkubwa wao, aliyesinzia hata siku ya kumzika mama yake, aliongeza, "Mmea hautoi ushahidi, binti yangu. Halafu hapo umependeza, bwana."

Basi ikaachwa hapo. Hakimu akaweka benchi, maharusi wakawa wanakuja kupiga picha, na mtaa mzima ukamsifu kwa mkono wake wa bustani. Mpaka waliuona wote. Waliupiga picha.

Kila jioni mjane hubeba ndoo, huzunguka hadi kwenye geti la hakimu, hupiga hodi apate maji ya bomba aliloachiwa na mumewe.

"Karibu, shemeji," hujibiwa. "Ila pita pembeni, usinikanyagie maua."

Azalea hujisogeza kumpisha. Hakimu na tumbo lake hubaki palepale.