Kaingu na Matikiti ya Dama

Kaingu Iha alikuwa amelima pale Kilelengwani kwa miaka thelathini na mitano, na muda wote huo mbolea kwake ilikuwa kitu cha gunia. Unachota kwa mkono, unarusha shinani, unamwachia Mungu. Mara nyingi maji ya kumwagilia yaliisomba kabla mmea haujaionja. Kwa hiyo siku mkewe, Dama, aliporudi kutoka Garsen na chupa ya mbolea ya maji, Kaingu aliigeuzageuza mkononi akauliza kama ni dawa ya kunywa.

"Ukiinywa utazaa matikiti," Dama alimjibu.

Msimu ule Dama alipanda matikiti nusu ekari. Kila baada ya wiki mbili, asubuhi na mapema, alipima kifuniko kimoja cha mbolea, akaikoroga katika maji ya pampu ya mgongoni ya lita ishirini, akanyunyizia majani na kuzunguka mashina. Alisema mmea ukipewa kidogo kidogo huinywa yote, hakuna kinachopotea. Kaingu alitazama kwa mbali, akiguna. Lakini kufikia siku ya arobaini majani yalikuwa yamefunika ardhi yote, na matikiti machanga yalikuwa yameshika, makubwa kama mayai ya kuku. Kaingu akaacha kuguna. Jioni alipita pale shambani bila shughuli yoyote, akijidai anatafuta jembe.

Ndipo binti yao, Kadii, akashikwa na uchungu wa uzazi. Dama alimpeleka hospitali kule Ngao, na kwa kuwa mtoto alitolewa kwa upasuaji, ikabidi abaki naye siku kadhaa. Kabla ya kupanda pikipiki kwenda huko alikuwa amemwachia mumewe maagizo.

"Alhamisi ni siku ya mbolea. Asubuhi. Kifuniko kimoja kwa pampu moja. Umenisikia, Baba Kadii?"

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Alikuwa amesikia kweli. Lakini Alhamisi ilipofika alikaa na ile chupa akawaza. Kama kifuniko kimoja kimefanya haya yote, vitano vitafanya nini? Akilini alimwona Dama akirudi, amechoka kwa kulala kwenye kiti cha hospitali, anakuta matikiti yamekua maradufu, anacheka kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa. Alikipenda kicheko kile kuliko alivyowahi kumwambia. Akatia vifuniko vitano. Na kwa kuwa asubuhi alikuwa akifunga uzio, alianza kunyunyiza saa saba mchana, jua la utosi.

Ijumaa asubuhi majani yalikuwa yamekunjamana. Kingo zake zilikuwa za kahawia, kavu, kama karatasi iliyopitishwa motoni. Kaingu alishika moja likavunjika mkononi mwake. Alitembea safu moja hadi nyingine, kisha akachuchumaa katikati ya shamba na kushika kichwa.

Hapo ndipo Qabale alipomkuta. Qabale alikuwa mama wa Kiorma, mfugaji, jirani yao wa miaka mingi. Kila asubuhi aliwaletea maziwa, na wao baada ya mavuno walimwachia ng'ombe wake waingie kula mabua na majani. Alitua kibuyu chake chini, akatazama.

"Moto?"

"Mbolea," Kaingu alisema. "Nimezidisha."

Qabale alichuma jani, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Hii chumvi. Ng'ombe yangu ikilamba chumvi nyingi, mimi napa maji. Napa maji mpaka inakataa. Wewe umepa maji?"

Kaingu hakuwa amefikiria hilo.

"Basi simama, mzee. Mimi naleta punda."

Siku ile walifanya kazi hadi magharibi. Kaingu aliteka maji mtoni, penye ua wa miti uliowekwa kuzuia mamba, na Qabale akaswaga punda mwenye mitungi minne. Punda alipochoka, Kaingu alibeba mwenyewe kwa mti begani, mtungi mbele, mtungi nyuma. Waliosha majani, wakalowesha mashina, wakarudi tena mtoni.

Dama alipopiga simu jioni ile kuuliza habari za shamba, Kaingu alisema, "Matikiti yako yanakusubiri." Kisha akakata haraka. Aliutazama ugali wake hadi ukapoa. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemnunia Dama, amemgombeza, amemsahaulia mambo mengi, lakini hakuwa amewahi kumdanganya hivi. Akapiga tena.

"Mama Kadii, nimekuunguzia shamba."

Kwenye simu alisikia mtoto mchanga akilia.

"Vifuniko vingapi?" Dama aliuliza.

"Vitano."

"Saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Dama alivuta pumzi. "Na wewe umekula?"

"Sijala."

"Nisikilize kwanza. Kisha ule."

Alimwambia aendelee kumwagilia polepole siku mbili zaidi, maji yazame hadi chini ya mizizi. Akate majani yaliyokufa kabisa, ayaache yenye kijani hata kidogo. Asiguse ile chupa mpaka atakaporudi. Kaingu alijibu "ndiyo" kwa kila neno, na Dama alipomaliza, yeye alikula ule ugali baridi wote.

Dama alirudi baada ya siku nane, na Kadii akiwa na mtoto wa kike. Hakuingia nyumbani, alimpa mumewe mtoto ampakate, akaenda moja kwa moja shambani. Theluthi moja ya matikiti ilikuwa imekufa. Mengine yalikuwa na makovu, lakini kwenye ncha za matawi majani mapya yalikuwa yamechipuka, laini, na matunda kadhaa yalikuwa yameshikilia.

Aliporudi, Kaingu alikuwa bado amesimama palepale na mjukuu, akiogopa hata kukaa. Dama aliona mabega yake yaliyotokeza kwenye fulana, ngozi imechubuka pande zote mbili.

"Ni nini hii?"

"Mitungi."

"Nilikuja njia nzima nikipanga maneno ya kukuambia," Dama alisema. Akachukua mafuta ya nazi, akamkalisha kwenye kigoda, akaanza kumpaka taratibu. "Sasa yamenitoka yote."

"Nilitaka ucheke," Kaingu alisema.

Dama akacheka, kichwa kimeinama, mikono bado kwenye mabega ya mumewe.

Walivuna mwezi uliofuata. Hayakuwa mengi kama Dama alivyotarajia, lakini yalikuwa mazito na matamu, na tikiti la kwanza lilikwenda kwa Qabale kabla mnunuzi yeyote hajagusa shamba. Lori la kutoka Garsen lilipoondoka, Kaingu alimfuata mkewe hadi jikoni.

"Msimu ujao nipe safu zangu mwenyewe. Nifundishe tangu mwanzo, hata kupima."

Dama alifikiri huku akichochea moto. "Nitakupa sita."

"Sita tu?"

"Sita. Ukizilea vizuri nitakuongezea."

Kaingu alitaka kubisha, akaghairi. Alichukua jembe akaenda kuchagua zake, zile za karibu na mto.