Mfuko wa Kijani Juu ya Kitufe

Meneja Ku alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: zima, washa. Seva ya kuuza tiketi za mabasi ilipoanguka Jumatatu saa nne asubuhi, alizima akawasha. Jumanne saa nne, vivyo hivyo. Jumatano ikaanguka tena, na jioni yake akawaandikia wakubwa kwamba kosa ni la Pei-shan, na kesho asipoleta maelezo afungashe virago.

Pei-shan alikuwa na miaka tisa kwenye kampuni ile ya Taichung, Taiwan, na hajapata kumdharau mtu kama alivyomdharau Ku. Mtu mzima, tai shingoni, chupa ya chai mkononi kutwa, halafu hajui kwamba seva ikianguka huandika kwenye diski kila kilichokuwa kichwani mwake dakika ile. Hilo ndilo faili la ajali, na humo ndimo mkosaji anamoonekana. Ila kuandika kunachukua dakika arobaini, skrini nyeusi, asilimia zinatambaa. Ku akiona skrini nyeusi, kidole kinamwasha. Siku tatu, mafaili matatu, yote yamekatwa kabla ya kufika asilimia kumi.

"Ikianguka kesho tuiache imalize, meneja," alimwambia. "Seva ya akiba itauza tiketi."

"Mashine nilizijua hujaota meno wewe. Uliza kwanza nani kaangalia tarehe ya mfuko."

Mfuko wenyewe ni wa vitafunwa vya mahindi, vya watoto; mafundi wa Taiwan huuweka juu ya mashine kama hirizi, ili itulie. Lazima uwe wa kijani, rangi ya taa ya mashine isiyo na hitilafu, na muda wake usiwe umepita. Ukishawekwa kwenye seva hauliwi, hausogezwi, mashine isije ikakasirika. Ku aliuweka kwa mikono miwili. Faili haliamini, vitafunwa anaviamini, na huyo ndiye bosi.

Alhamisi asubuhi Pei-shan alipitia dukani. Saa nne seva ikaanguka, akawa wa kwanza kufika. Asilimia mbili. Viatu vya Ku vikasikika koridoni. Pei-shan akatoa mfuko mpya wa kijani, akaubandika kwa utepe wa gundi juu ya kitufe chenyewe cha kuzimia.

Ku aliingia kidole kikiwa tayari. Akasimama.

"Nani kauweka hapo?"

"Mimi. Tarehe yake nzuri, na jina la seva nimeliandika juu yake. Utoe, meneja, kama huogopi."

Tsung, fundi wa meza ya pili, alichungulia mlangoni. "Ukishawekwa hauguswi. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha, bosi?"

Basi Ku akasimama dakika arobaini mbele ya pakiti ya vitafunwa, mkono ukiingia mfukoni mwa suruali na kutoka. Ilipofika asilimia sitini akaanza kuubandua utepe kwa ukucha. Faili hili nalo likikatika, Pei-shan hana kazi. Ku akautazama ule mfuko, akaurudisha utepe taratibu.

Mia.

Pei-shan akalifungua faili. Kilichoiangusha seva ni kiprogramu cha kusafisha kumbukumbu, kimepangwa kuamka kila siku saa nne asubuhi. Kimewekwa Jumapili. Aliyekiweka: Ku.

"Nilitaka mashine ipumue," Ku alisema. Akanywa chai. "Kwenye ripoti tuandike hitilafu ya kawaida tu."

"Nimeshawatumia wakubwa. Faili zima, na jina lako."

Uso wa Ku haukubadilika sana. Watu wa namna hii barua za wakubwa wanazijua kuzikwepa.

Pei-shan aliliona hilo, na ndilo lililomuudhi kuliko yote. Akaubandua mfuko kwenye kitufe, akauchana mdomo, akaanza kula pale pale, mbele ya seva, akitafuna kwa kelele.

Hapo ndipo Ku alipopauka. Chupa ya chai ikamtoka mkononi.

"Karibu, meneja," Pei-shan akasema, akamsogezea mfuko.