Kompyuta Niliyoigawa Mwenyewe

Kadzo mjukuu wangu ndiye wa kwanza kuifundisha kompyuta kusikia Kigiriama. Wa kwanza kabisa, hata chuoni walisema. Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini hilo alinieleza nikalishika: mzee hajui Kiswahili sawasawa, afika hospitali, asema kwa lugha yake panapomuuma, na ile mashine imwambie daktari. Miaka sita alizunguka Junju hii na huko bara akichukua sauti za wazee. Mimi namtania, "Mke wangu, yajua kutukana hiyo?" Naye, "Si mwalimu wake ni wewe, mume wangu?"

Wazee walimpa sauti kwa sharti moja, zisitoke mkononi mwake mpaka kazi iishe. Watu waogopa sauti zao kwenda kusikojulikana. Kadzo akakubali, zikakaa kwenye kompyuta yake ile ile moja.

Basi akaugua ugonjwa wa damu. Miezi minne tu, tukamzika.

Siku ya kumaliza hanga, yaani matanga, kwetu vitu vya marehemu hugawiwa. Mimi ndiye mkubwa, nikagawa. Leso kwa Linet dadake, sufuria kwa shangaziye, kompyuta nikampa Owen, binamuye aliyeko Muyeye. Hakuna aliyenizuia.

Wiki ya tatu akaja Viola, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na Kadzo.

"Shikamoo babu. Nimefuata kompyuta ya Kadzo."

"Marahaba." Nikampigia Owen, na simu yangu hii yasema kwa nguvu, sote twasikia.

"Babu, ilifungwa kwa neno la siri. Nikampa fundi akaisafisha, sasa ni nzuri kabisa."

"Kuisafisha ndio kufanyaje?"

"Kufuta vya ndani vyote. Kwani mlikuwa na nini?"

Viola akakaa mchangani na nguo zake nzuri zile. Nikamuuliza kama haviwezi kurudi.

"Haviwezi, babu."

"Basi turudie. Wazee tuwafuate tena."

"Waliobaki hai ni wangapi?"

Nikawahesabu kwa vidole, mkono mmoja haukujaa. Na njia ya kuifundisha mashine aliijua Kadzo peke yake.

Owen simlaumu, mkono uliotoa ni wangu. Lakini kuna Kahaso, jirani yangu, alitoa sauti siku mbili nzima na kifua chamuuma. Kila asubuhi apita hapa aniuliza mashine itafika hospitali lini. Namwambia bado.