Mikono ya Mkwe Kwenye Goti Langu

Goti langu liliharibika mwezi wa tatu, nikitoa ng'ombe shambani. Ng'ombe alivuta kamba akaenda huku, mguu wangu ukazama kwa shimo la fuko ukabaki kule, na katikati nikasikia kitu kimelia ndani kama ganda la njugu. Hospitali walipiga picha wakasema ni ligamenti, ile kamba ya ndani inayoshikilia goti, na imekatika nusu. Kwa umri wangu hawangepasua. Nifanye mazoezi miezi mitatu kwa fizio, nikizembea nitatembea na magongo mpaka kaburini.

Dada yangu wa Kiminini akaniita kwake. Alisema Kitale kuna kijana fizio, ana chumba nyuma ya duka la dawa, na ana mikono mizuri sana. Hakumjua jina.

Siku ya kwanza nililala kwa kitanda chake, pazia likafunguliwa, akaingia Nyongesa na koti jeupe.

Nyongesa ni mkwe wangu. Ndiye alimwacha binti yangu Nasimiyu pale Mabanga na mtoto wa miaka miwili, Ivy, akaenda zake. Hiyo peke yake ningeimeza, wanaume wanaondoka kila siku. Lakini yeye hakutaka kulaumiwa. Alisimama mkutanoni, mimi sipo, mbele ya mzee wa kijiji, Mzee Wanyonyi, akaapa kwamba anakimbia mama mkwe. Ati mimi ni mkimbiaji wa usiku, wale watu wanaotoka uchi watu wamelala na kurusha mawe kwa mabati. Akasema alinishika nikisugua matako kwenye mlango wake. Akaulizwa alijuaje ni mimi. Akaapa aliniona uso, mwezi ulikuwa unawaka.

Miaka mitatu nimeishi na hayo maneno. Kanisani benchi langu nilikaa peke yangu, mtu angefikiri nimelinunua. Njugu zangu sokoni hakuna aliyeonja. Ivy shuleni walimwita mjukuu wa mkimbiaji, akirudi nyumbani anauliza, kukhu, unakimbianga saa ngapi?

Sasa huyo mtu amesimama juu yangu, anatabasamu. Akasema, "Karibu kukhu. Jisikie uko nyumbani."

Kukhu ni nyanya, kwetu kila mwanamke mzee anaitwa hivyo. Hakunijua.

Nitaeleza kwa nini. Kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe wanaogopana. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawakaribiani. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Nyongesa alilelewa na mamake akanyooka kama msumari. Akija nyumbani mimi natoka na mlango wa jikoni. Tukikutana njiani mimi naingia kwa mahindi, yeye anainamisha kichwa anatazama viatu vyake. Nikiwa na la kumwambia, namwambia Nasimiyu. Miaka minne ya ndoa hakuwahi kuinua macho anione, wala sauti yangu hakuijua. Mimi nilimjua vizuri sana. Mahindi yana nafasi, na mimi nilichungulia.

Kwa kadi niliandikwa Wilkista. Mabanga hakuna anayeniita hivyo, ni Mama Nasimiyu tu.

Akashika goti langu kwa mikono yote miwili. Nilifunga macho nikafikiria mizimu ya kwao ikianguka kwa viti.

Rafiki niliyempata hapo aliitwa Wangu, mama wa Kikuyu mwenye shamba huko nje ya Kitale, aliyeletwa na bega. Vitanda vyetu vilikuwa jirani, katikati pazia. Nilipomweleza siku ya tatu alicheka mpaka bega likamuuma. Kwao, alisema, mkwe anakaa meza moja na mama wanakunywa chai. Akataka niropoke hapo hapo nimwaibishe.

Nikamwambia, "Ngoja. Kwanza amalize goti."

Si kwamba sikuwa na hasira. Nilikuwa nayo ya kutosha kijiji. Lakini nilitaka kuingia Mabanga kwa miguu yangu miwili bila gongo, na wa kunipa hiyo miguu alikuwa yeye. Na ubaya ni kwamba kazi aliijua. Hakuvuta kwa nguvu. Alipasha mikono joto kabla ya kunigusa. Kuna siku alinikanda nikasahau kumchukia karibu dakika mbili, nikajikasirikia mpaka jioni.

Kwa hivyo nilifanya mazoezi. Aliviringisha taulo akaliweka chini ya goti, akasema nilibonyeze chini. "Bonyeza, kukhu, kama uko na hasira nalo." Nikaliona taulo ni shingo yake, nikabonyeza. Akasema hajawahi kuona mtu wa umri wangu akibonyeza hivyo. Nikaburuta kisigino kwa shuka, mbele, nyuma. Nikainua mguu ukiwa umenyooka, mara kumi, mara ishirini. Nikapanda kibao kama ngazi na kushuka. Nyumbani kwa dada yangu nilirudia yote asubuhi na jioni, na kila mara nikiinua mguu nilitaja mmoja wa wale wanawake walionihama kanisani. Wako wengi. Ndiyo maana nilipona haraka.

Alikuwa na rula ya plastiki inayokunjwa, ya kupima goti linapinda kiasi gani. Kila ikiongezeka alifurahi kama goti ni lake.

Wiki ya nane aliacha mguu wangu kwa barafu akaanza hadithi zake. Nilimuuliza, kwa sauti ya huruma, kama ana bibi. Akasema alikuwa na mmoja Mabanga, akamwacha kwa sababu ya mama mkwe. Akanihadithia mimi habari zangu. Nilikuwa nakimbia, nilikuwa narusha mawe, na sasa kumbe nilikuwa nabweka pia. Kubweka kulikuwa kupya. Akanionya nikipita Mabanga nijichunge. Wangu nyuma ya pazia alianza kukohoa, hanyamazi.

Jioni hiyo nilimpigia Mzee Wanyonyi simu. Hakutaka kuja. Nikamwambia, "Njoo usikie kwa masikio yako mwenyewe. Ukiona nimekudanganya, nitahama Mabanga mimi na Nasimiyu na mtoto, na hamtatuona tena." Akauliza ni siku gani.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki ya kumi na moja. Wangu alimwingiza mzee kabla yangu, Nyongesa hajafika, akamkalisha kwa kitanda chake nyuma ya pazia kama mgonjwa wa mgongo. Mimi nikalala kwangu. Zoezi la mwisho la siku lilikuwa la kunyoosha mshipa wa nyuma ya paja. Nyongesa anapiga goti moja kitandani, anauchukua mguu wangu wote anauweka begani kwake, anaushika na mikono miwili, anahesabu hadi thelathini.

Akaanza kuhesabu. Alipofika tano nikamuuliza yule mama mkwe wa Mabanga anafanana aje, nisije nikakutana naye sokoni nikanunua kitu chake.

"Hata siwezi kukwambia, kukhu," akasema. "Saba. Si unajua mambo ya ukwe. Mimi sikuwahi kumwangalia uso. Nane."

"Miaka yote hiyo?"

"Hata leo asimame hapa mbele yangu, siwezi nikamjua. Tisa."

Pazia likavutwa. Mzee Wanyonyi alikuwa ameketi na kofia magotini.

"Nyongesa," akasema, "mbele yangu uliapa ulimjua kwa uso."

Nyongesa akasahau kuhesabu.

"Na huo mguu ulioubeba," mzee akaendelea, "unajua ni wa nani?"

Akamwangalia mzee. Akaangalia mguu. Halafu pole pole, kwa mara ya kwanza tangu aoe kwangu, akaniangalia akijua mimi ni nani, na uso wake ukawa kama uji uliomwagiwa maji. Mwili wake wote ulitaka kukimbia, lakini mguu wangu ulikuwa begani kwake.

Nikamwambia, "Usiuachilie, baba. Ukianguka goti litakatika tena. Umefika tisa."

Wangu akasema, "Kumi," akimsaidia.

Alihesabu mpaka thelathini. Alifumba macho, jasho likamtoka, na mikono yake iko pale pale kwa mama mkwe, na mzee wa kijiji anatazama. Wanaume wengine wamefungwa jela wakateseka kidogo kuliko hivyo. Mimi sikuharakisha. Kumi na tisa alisema mara mbili na sikumsahihisha.

Alipouteremsha mguu, taratibu, hata hapo kazi hakuiharibu, akageukia ukuta akaanza kuomba msamaha ukutani. Mzee akamwambia ukuta haujakosewa. Kumgusa mama mkwe kuna kondoo wake wa kuchinjwa kuondoa mwiko, kuna wazee wake, hayo yatafanyika. Lakini kabla ya kondoo, Jumapili, watu wakitoka kanisani, arudishe yale maneno pale pale alipoyasema, mchana, kwa sauti.

Jumapili niliingia Mabanga kutoka barabarani kwa miguu, bila gongo. Nilivaa rinda fupi kidogo ili goti lionekane. Watu walikuwa wamejaa uwanjani, na Nasimiyu amesimama mbele na Ivy, hajainamisha kichwa. Mimi nilipita katikati yao wote nikaenda kukaa nyuma kabisa, kwa wale wanawake wa benchi langu. Wakasogea kunipa nafasi.

Nyongesa akasimama. Alisema alidanganya. Hakumwona mtu yeyote mlangoni, hakuna aliyekimbia wala kurusha jiwe, alitaka tu kuondoka na akakosa sababu. Alisema chini chini, akitazama viatu.

Nikainua mkono. "Huku nyuma hatujasikia."

Mzee Wanyonyi akamwambia arudie. Akarudia, kwa sauti kidogo. Jirani yangu wa benchi, yule aliyekuwa wa kwanza kunihama, akaninong'onezea ati sasa wamesikia wote, Mama Nasimiyu, inatosha.

Nikamwambia wewe nyamaza, wewe ndiye nataka usikie. Nikainua mkono tena.