Kopo la Barafu

Miaka kumi na tisa Masikio amekuwa akiandika yanayosemwa bungeni, na katika miaka yote hiyo hajawahi kutamani kumrushia mbunge kitu cha kichwa kama alivyotamani Alhamisi ile.

Jina la Masikio alipewa na wenzake wa chumba cha Taarifa Rasmi, kwa sababu mbunge wa kiti cha nyuma kabisa akinong'ona tusi, yeye pale mezani, chini ya Spika, ameshalidaka. Kazi yenyewe si lelemama. Waandishi hupokezana kila dakika kumi. Unakaa, unaandika, mwenzako anakuja kukugusa bega, unakimbilia chumbani kusikiliza kanda na kusafisha ulichoandika, kisha unampelekea msimamizi. Wabunge wakipiga makofi unaandika Makofi kwenye mabano, wakicheka unaandika Kicheko. Huongezi chumvi, hupunguzi.

Alhamisi ile ilikuwa siku ya azimio. Bunge lilitakiwa kuitaka Idara ya Uhamiaji iwajibike kwa watu wanaokamatwa na kufia mikononi mwake. Kwenye korido na mkahawani hakuna aliyekuwa na shaka kwamba litapita.

"Litapita bila jasho," alisema msimamizi wake, mzee mmoja mwembamba waliyemwita Bwana Nukta kwa jinsi anavyogombana na watu juu ya alama za uandishi. "Azimio halina meno, mama. Halimfungi mtu, halimfukuzi mtu kazi. Mbunge gani atakataa kusikitika bure?"

"Kuna kifungu cha nne," alisema Masikio.

"Ndiyo. Hicho kina jino moja."

Jino hilo moja ndilo lililomfanya Masikio asilale vizuri mwezi mzima. Mdogo wake wa kiume, fundi wa friji, alikamatwa akiwa kazini kwenye bucha, kichwa kakiingiza nyuma ya mashine, kwenye msako wa wageni wasio na vibali. Kitambulisho alikuwa amekisahau kwenye suruali nyingine. Hospitali alikozaliwa iko mitaa miwili tu kutoka Bungeni, lakini maofisa waliona lafudhi yake ina walakini, wakamtupa kwenye gari. Na alikuwa mgonjwa wa kisukari, wa kuchoma sindano kila siku.

Siku ya pili mkewe alimpelekea dawa. Aliiweka kwenye kopo la plastiki lililojaa barafu, maana dawa ile ikipata joto imekwisha kazi. Askari wa lango alifungua kifuniko, akachungulia, akaandika kwenye kitabu chake, akamwambia nenda mama, tutampa. Siku ya nne wakampigia simu aje achukue mwili.

Baadaye ikaja barua ya Idara, mistari mitano: marehemu hakuletewa dawa yoyote. Wakili aliisoma, akavua miwani. Nipeni kitu kimoja tu cha serikali, alisema, kinachoonyesha mzigo ulipokelewa langoni, vinginevyo ni neno la mjane dhidi ya neno la dola. Kitu hicho kilikuwepo. Kilikuwa kitabu cha lango, na Idara ilisema ni siri. Kifungu cha nne cha azimio kilitaka kitabu hicho kiwekwe mezani Bungeni, na kikishawekwa mezani ni mali ya umma, hata muuza magazeti anaweza kuomba nakala.

Aliyelileta azimio alikuwa mbunge wa kwao. Alikuja msibani huyu, akamshika mama yao mkono, akalia machozi ya kweli kabisa. "Mama, kitabu kile kitatoka," aliapa, "hata kama mimi nitatoka." Watu wakamwona mwanamume. Masikio pia alimwona mwanamume, na hilo ndilo linalomchoma mpaka leo.

Bwana Nukta alitaka Masikio apumzike siku hiyo. "Msiba ni wako, mama. Mwachie mwingine."

"Nimwachie nani? Yule anayeandika Kelele kila asiposikia vizuri?"

Mzee akacheka, akampangia zamu.

Basi mbunge huyo, mtoa hoja, akasimama. Suti ya buluu, sauti ya mgonjwa aliyepata nafuu. Alizungumza juu ya utu, akazungumza juu ya familia, akasema yeye mwenyewe ni mzazi. Kisha, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayeomba apishwe njia, akasema: "Mheshimiwa Spika, kwa moyo wa maridhiano, na baada ya mashauriano na wenzetu wa upande wa Serikali, naomba kukiondoa kifungu cha nne." Wakampigia makofi. Masikio akaandika Makofi.

Aliandika, lakini mkono ulikuwa wa moto. Mashauriano ya lini? Na nani kashauriwa, mama yake aliyelala na picha ya mwanawe kifuani? Aliinua macho kwenye jukwaa la wageni. Wifi yake alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani, anamtazama yeye. Macho yake yalikuwa yanauliza kama amesikia sawasawa. Mwandishi akiwa mezani haruhusiwi kumpa mtu ishara yoyote, kwa hiyo Masikio akainamisha kichwa.

Naibu waziri akapanda kujibu. Huyu ni mtu wa mizaha, asiyeweza kutoa hotuba bila kuchekesha watu, na ushindi ulikuwa umempanda kichwani. Angeshukuru akaketi, mambo yangekwisha. Hakuketi.

"Mheshimiwa Spika, kuna watu wanasema Serikali inaficha kitabu. Kitabu hiki hapa!" Akakiinua, kina jalada jeusi lililochakaa pembeni. "Naomba niwasomee, tusisumbuane. Tarehe hiyo hiyo inayosemwa. Saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mke wa mahabusu namba thelathini na moja. Shuka, moja. Kandambili, jozi moja. Kopo la barafu, moja. Vimepokelewa." Akawatazama wenzake. "Barafu, waheshimiwa! Huyu mama alidhani mumewe kaenda kupunga upepo?"

Wakacheka. Walicheka wa pande zote mbili, na mtoa hoja naye, kiganja kikiwa mdomoni.

"Sasa niulize, dawa iko wapi hapo? Au siku hizi kisukari kinatibiwa kwa maji baridi?"

Wakacheka tena. Nyuma yake, kwenye viti vya wataalamu, daktari wa Idara alifumba macho. Yeye alikuwa ameelewa. Masikio naye alikuwa ameelewa: mpumbavu yule alikuwa amesimama mbele ya taifa zima akasoma kwa mdomo wake kwamba kopo lilifika, na saa lilipofika, na kwamba lilipokelewa.

Wifi yake akasimama.

"Dawa ilikuwa ndani ya barafu!" Sauti ilipasuka ikajaa ukumbi. "Nilimwonyesha kwa kidole! Ilikuwa ndani ya barafu, wauaji nyie! Mnacheka nini? Mnacheka nini?"

"Mgeni atolewe," alisema Spika.

Walinzi wawili wakamshika makwapa wakamtoa, bado anapiga kelele, na mlango ukafungwa. Spika akauliza wanaoafiki. Ukumbi mzima ukaitika ndiyo. Akauliza wasioafiki, mtu mmoja akakohoa. Azimio likapita kwa kauli moja, wakagonga meza kwa furaha, kila mmoja akijiona kafanya jambo la maana kwa wanyonge. Mwenzake akamgusa Masikio bega.

Kwenye korido alimkuta mtoa hoja anapeana mikono na watu.

"Dada yangu! Tumeshinda!"

"Umeshinda wewe. Kitabu kimesomwa ukumbini, mheshimiwa, na kanuni unaijua kuliko mimi. Waziri akisoma waraka, mbunge yeyote anaweza kusimama kudai uwekwe mezani. Simama kabla kikao hakijaahirishwa."

Akamvuta pembeni kwa kiwiko. "Sikiliza, dada. Tumepata umoja wa Bunge zima. Jambo la kihistoria. Tukianza kuchokonoa sasa hivi..."

"Mtu kafa kwa kunyimwa dawa iliyokuwa langoni."

"Najua. Nilikuwepo msibani."

"Ulikuwepo, na ulilia," alisema Masikio. "Ningejua machozi yako ni ya bei rahisi hivyo, ningekunyima hata kiti." Akamwacha amesimama na tabasamu lililokosa pa kwenda.

Chumbani alivaa visikilizi akaandika upya kila kitu. Kwenye kanuni za Taarifa Rasmi kuna moja ambayo kila mwandishi huimeza siku ya kwanza: maneno ya jukwaa la wageni hayaandikwi. Mgeni hana haki ya kusema, kwa hiyo hakusema. Hata akilia, akizimia, akitaja jina la Mungu, kwenye kumbukumbu za Bunge hakuna kilichotokea. Kwa miaka kumi na tisa Masikio aliitii kanuni hiyo bila kuifikiria. Safari hii aliandika kelele za wifi yake neno kwa neno, na wauaji ndani yake, na Mnacheka nini mara mbili. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Bwana Nukta aliingia, akafunga mlango, akasoma akiwa amesimama.

"Futa hayo ya chini."

"Sifuti."

"Mama, kaa unisikilize. Msaidizi wa naibu waziri yuko ofisini kwangu, jasho linamtoka. Anataka barafu itoke. Anataka kitabu kitoke. Anasema mheshimiwa aliteleza ulimi. Nimemwambia mheshimiwa anaruhusiwa kunyoosha lugha, haruhusiwi kuyakana aliyoyasema. Mpaka hapo hana pa kunishika." Akagonga ukurasa kwa kidole. "Akiona haya, amenishika. Atasema mwandishi ni dada wa marehemu, kaandika kwa uchungu, kavunja kanuni, ukurasa mzima haufai. Na utafutwa mzima, barafu na kila kitu."

"Kwa hiyo ya waliocheka yabaki, ya aliyeuliwa mume yatoke."

"Ndiyo."

"Na wewe unaona sawa."

"Sioni sawa hata kidogo," alisema mzee. "Nakwambia tu kinachosimama na kinachoanguka."

Masikio alikaa akiutazama ukurasa. Alimchukia Bwana Nukta, kwa sababu alikuwa sahihi. Alimchukia aliyetunga kanuni, mtu aliyekwisha kufa zamani bila shaka, kitandani kwake, na dawa zake pembeni. Kisha akafuta. Hakufuta kwa mkupuo. Alifuta neno moja baada ya jingine, akianzia mwisho, na alipofika kwenye Dawa ilikuwa ndani akasimama, akajifuta pua kwa mkono, akaendelea.

Alirudia kanda mara tatu kuhakikisha vicheko. Vilikuwa vitatu, si viwili. Cha tatu kilikuja baada ya kile cha maji baridi, kidogo, cha mtu mmoja au wawili waliochelewa kuelewa mzaha. Akakiandika nacho mahali pake.

Msaidizi aliletwa. Kijibwana nadhifu, mwenye adabu nyingi. "Mama yangu, hapo kwenye barafu, kama ingewezekana..."

Masikio alivua visikilizi akamvika yeye. "Sikiliza mpaka mwisho, baba. Ukipata neno moja ambalo si la bosi wako, nionyeshe nilitoe."

Alisikiliza akifuata kwa kidole. Alirudisha kanda, akasikiliza tena. Alipovua visikilizi alivirudisha mezani, na Bwana Nukta akaweka sahihi, akagonga muhuri mbele yake, akaongeza nukta moja iliyokuwa imesahaulika.

Wifi yake alikuwa nje, kwenye ukingo wa njia ya waendao kwa miguu, mkoba bado mapajani. Sauti ilikuwa imemkauka. Masikio alikaa kando yake, akampa nakala yenye muhuri.

"Mpelekee wakili hii leo leo. Kasema mwenyewe, naibu waziri. Saa, kopo, vimepokelewa. Barua yao imekwisha."

Wifi alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye Kicheko alisoma kwa sauti, na alipokutana nacho tena akasoma tena kwa sauti, na cha tatu vilevile. Akafika mwisho, pale ukumbi ulipoitika ndiyo. Akageuza ukurasa upande wa pili, ukawa mweupe. Akarudi mbele, akatafuta kwa kidole.

"Na mimi je?" aliuliza. "Nimepiga kelele mpaka koo limechanika. Mimi niko wapi hapa?"

"Hupo, wifi."

"Nani kanifuta?"

Masikio angeweza kutaja kanuni. Angeweza kumtaja Spika, au mzee, au yule msaidizi.

"Mimi," alisema.

Wifi aliondoa kidole kwenye karatasi. Kisha akaukunja ukurasa mara mbili, akautia mkobani, akanyanyuka, akaanza kutembea kuelekea kwa wakili bila kumsubiri.