Skrubu ya Juu

Kazini walimwita Rula, kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya useremala hakuwahi kutoa mlango uliopinda. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akikasirika, na asubuhi hiyo alikuwa ameamua kukasirika mapema ili asisumbuke baadaye.

"Rula, nisikilize. Leo ukiumwa, unasema unaumwa. Usijifanye dume mbele ya daktari."

"Nimekuelewa, mama watoto."

"Hata mara ile ulinielewa."

Hapo alimshika pabaya. Miezi minane nyuma rundo la mbao lilimwangukia karakanani, likamchana kano za bega la kulia. Ofisi ya fidia ikampeleka kwa daktari wake, daktari akamwambia ainue mkono. Basi Rula, mbele ya mtu asiyemjua, akajikaza kisabuni, akauma meno, akauinua mpaka juu ya kichwa. Alipofika nyumbani alijilaza sakafuni, hata shati akashindwa kuvua. Ripoti ikaandikwa: anainua mkono bila shida, upasuaji hauhitajiki. Ofisi ikaishikilia karatasi ile, na kila alipokwenda kulalamika walimsomea kama vile bega ni lao.

Alikata rufaa, akapewa daktari wa pili, ambaye hakuwa wa ofisi wala wa mwajiri. Huyu ndiye wa mwisho. Akikubali, ofisi italipia upasuaji. Akikataa, bega litabaki hivyo hivyo, na Rula ataiaga randa.

Asubuhi hiyo walifika kwenye kliniki yake, wakaketi kwenye viti vya mapokezi. Shida ikawa mlango wa chumba cha daktari. Bawaba yake ya juu ilikuwa imelegea, mlango umeinama, na kila ulipofunguliwa ulikwaruza sakafu hadi meno yakaingia ganzi. Mama wa mapokezi aliusukuma kwa goti, akausukuma kwa nyonga. Rula akatazama dari. Akatazama viatu vyake. Mkewe akatoka kwenda kutoa kopi ya barua ya rufaa.

Laiti angebaki! Rula hutembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Akaunyanyua mlango kwa ncha ya kiatu, akasukumia gazeti lililokunjwa chini yake, akazikaza skrubu mbili za bawaba kwa mkono wa kushoto, huku akihema. Ya tatu, ya juu kabisa, ilikuwa imeshika kutu. Ilitaka nguvu za mkono wa kulia, na wa kulia ukagoma kufika. Akalitoa gazeti, mlango ukafunguka bila kukwaruza.

"Hongera, fundi!" mama wa mapokezi akashangilia. "Mwaka mzima tunahangaika na huu mlango."

Rula alitabasamu, akageuka. Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amesimama ukumbini na faili lake mkononi, anamtazama. Nyuma ya daktari alisimama mkewe na kopi zake.

"Rula," mkewe akasema taratibu. "Umetumaliza."

Mwanamume mzima, ameletwa kupimwa bega bovu, anakutwa anatengeneza milango! Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ndiye wewe mgonjwa wangu wa bega?" daktari akauliza.

"Ndiye mimi, daktari. Samahani. Nilishindwa kuvumilia."

Daktari akausukuma mlango. Ukaenda kimya. Kisha akainua macho kwenye bawaba, akaikagua.

"Hizi mbili zimekwenda upande."

"Ni za mkono wa kushoto." Aibu ilimkaba kuliko maumivu.

"Na hii ya juu?"

Rula akaigeuzageuza bisibisi mkononi.

"Ikaze, nikuone."

Akashika bisibisi kwa mkono wa kulia. Mkono ukapanda mpaka kifuani, ukasimama hapo. Akauma meno kama mara ile, ukapanda kidole kimoja zaidi, ukakwama. Akamwona mkewe, midomo ameibana, anamwomba bila kusema kitu. Basi akauteremsha mkono.

"Siwezi, daktari," akasema. "Nasikia maumivu mpaka shingoni. Hata mara ya kwanza nilikuwa siwezi. Nilijikaza tu."

Mkewe akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaanza kulia waziwazi mbele za watu.

Ndani, daktari alimpima kwa zaidi ya nusu saa. Akaligeuza bega huku na huku, akatazama picha, akaandika ukurasa mzima. Walipokuwa wanaaga, Rula alisitasita mlangoni.

"Daktari, nina ombi. Ile skrubu, na zile mbili zilizopinda, msimwite fundi mwingine. Nitarudi nizitengeneze mwenyewe."

Mkewe akamvuta shati. Daktari akacheka, hakuahidi chochote.

Barua ya ofisi ya fidia ilikuja wiki ya nne. Mkewe aliifungua akiwa bado amesimama, akasoma kwa sauti: upasuaji umeidhinishwa, tarehe itapangwa na hospitali. Akapiga vigelegele peke yake. Nyuma ya barua palikuwa na nakala ya ripoti ya daktari, vipimo na maneno magumu, na chini kabisa mstari mmoja ulioandikwa kwa kalamu.

"Soma na huo," Rula akasema.

"'Mwambieni fundi,'" mkewe akasoma, "'skrubu zake hazijaguswa.'"

Rula akafunika uso kwa mkono wa kushoto, akalia, na safari hii hakujikaza.