Mahindi ya Mwaka Ujao

Kaka mtu alikuwa amesimama katikati ya sebule, chini suruali ya heshima, juu fulana ya kulalia, akikibonyeza kile kidude chake cha michezo kama polisi anayemfinya mshukiwa aseme ukweli. Kioo kiliwaka. Duara likazunguka. Kisha yakatokea maneno yale yale, kwa adabu zote: mchezo umeshindwa kufunguka.

"Tena!"

Saa tisa alitakiwa awe mbele ya mabosi wa karakana moja ya kutengeneza michezo, na mchezo aliouunda mwenyewe uwe unacheza mkononi mwake. Walishamwambia hawataki maelezo, wanataka kuucheza. Sasa ilikuwa saa saba na ushei.

Kwenye kochi mdogo wake alikuwa ametulia kwa utulivu wa kutia shaka. Shuleni bweni zima lilimwita Waziri wa Maafa, cheo alichopewa siku aliyoisogeza mbele saa ya bweni na wenzake wote wakaoga maji baridi kabla jogoo hajawaza kuwika. Sasa shule zilikuwa zimefungwa, lakini mawaziri hawana likizo.

Kaka alikizima kidude, akakiwasha. Akabadilisha ile programu inayokiwezesha kifaa cha Linux kuendesha michezo ya Windows, akaweka ya zamani, akarudisha mpya. Akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaipuliza, akairudisha. Duara likazunguka, likagoma.

"Umekigusa hiki?"

"Mimi? Kwa mikono hii?" Akainyoosha mbele, safi kabisa.

"Ndiyo maana nauliza. Mikono yako naijua."

Akafungua dirisha jeusi la amri, mistari ikateremka mbio. "Cheti hakikubaliki, cheti hakikubaliki... Seva haitaki hata kunisikia. Basi. Nafuta kila kitu, naanza upya."

"Kwa mtandao wetu huu?" Waziri alishtuka. "Mpaka ushushe mchezo wako, hao mabosi watakuwa wameshalala."

"Una njia nyingine?"

Kaka alikuwa anazunguka meza, anarudi, anazunguka. Waziri akachungulia begani kwake, na hapo akaiona tarehe mwanzoni mwa kila mstari. Mwezi wa tano, mwaka ujao.

Jana alikuwa amekiiba kidude kidogo tu, akapanda mahindi kwenye mchezo wa shamba. Mahindi yakadai miezi. Subira Mungu hakumpa, basi akaizuia saa isijirekebishe yenyewe, akaisukuma tarehe mbele, akavuna ghala zima. Kisha mama akamwita aoshe vyombo, na tarehe ikabaki huko huko. Ndiyo maana kila cheti cha usalama kilichotoka mtandaoni kidude kilikiona kimeshaoza, muda wake umepita.

"Kaka, ngoja. Ni tarehe. Mashine iko mwaka ujao."

Kaka akacheka bila furaha. "Asubuhi ulisema usaili umeahirishwa. Halafu ukaja mbio, mama amezimia. Mama alikuwa anamenya vitunguu."

"Hayo yalikuwa mazoezi. Hili la kweli."

"Toka hapa."

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Waziri hakuwa na hoja nyingine, alikuwa na miguu tu. Akakinyakua kidude, akachanja mbuga hadi bafuni, akapiga komeo.

"Fungua! Nitavunja mlango huu!"

"Mnachinjana huko?" mama akaita kutoka jikoni.

"Bado, mama!" Waziri akajibu.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mchezo wa shamba ulikuwa na kisasi, na yeye alikijua: ukirudisha saa nyuma, mavuno yote yanafutwa. Akalifungua ghala, akaliangalia kama watu wanavyomuaga marehemu. Mahindi hadi darini. Mlango ulikuwa unatikisika.

Akairudisha tarehe. Akagusa mchezo wa kaka. Duara likazunguka, likazunguka, likazunguka...

Ukatoka muziki, ule wimbo ambao kaka alikuwa akiupiga mluzi mezani hadi mama akamkataza.

Mlango ukanyamaza.

"Ulikuwa unafanya nini mwaka ujao?" sauti ikauliza taratibu.

"Nilikuwa na mahindi."

"Mahindi."

"Ghala zima, kaka. Yamekwenda yote."

Kitu kikakoroma nje, kicheko kilichokuwa kinabanwa. "Pole. Fungua basi, nivae shati niondoke."

Akafungua, akamkabidhi kidude kwa mikono miwili. Alipomwona anaelekea chumbani, akamfuata.

"Kaka, kuhusu shati..."

Kaka akasimama. "Shati limefanya nini?"

"Usiingize mikono kwanza," alisema Waziri, akimpita mbio kwenda kutafuta mkasi. "Jana nilikuwa na sindano na uzi."